Mtoto Ajue Kusoma, na Ajue Kwao

Kila mwenye kuswali katika misikiti yetu ya mijini amekwisha kulisikia tangazo hili, na wengine wamelisikia mara nyingi hata haliwashitui tena. Baada ya swala ya alasiri, au baina ya magharibi na isha, kipaza sauti hufunguliwa, na muadhini hutangaza kuwa ameletwa msikitini mtoto aliyepotea, wa umri wa miaka 6 au 7, na kwamba wenye mtoto wafike upesi. Mtoto akiulizwa jina lake hulitaja. Akiulizwa jina la baba yake husema, "Baba." Akiulizwa jina la mama yake husema, "Mama Zuhura," kumbe Zuhura ni dada yake mkubwa. Akiulizwa anakaa wapi hunyoosha mkono kuelekea barabarani. Na huyu aghalabu si mtoto mzito wa kufahamu. Mwambie asome, atakusomea kutoka Suratun-Nas akipanda juu hadi pale alipofikia. Mpe kitabu chake cha shule, atakusomea silabi bila ya kukwama.

Elimu anayoikosa mtoto huyu ina jina. Shuleni huitwa Maarifa ya Jamii. Wazazi wengi wakilisikia jina hili hufikiria majina ya milima, maziwa na marais, mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa kumaliza shule, na hivyo huona kuwa hapana haraka. Kwa mtoto wa darasa la kwanza somo hili halina milima wala marais. Lina baba na jina lake kamili, nyumba na mtaa wake, jirani na haki yake, zamu ya bombani, njia ya kwenda na njia ya kurudi, jana na leo. Ni elimu ya kujua uko wapi na uko pamoja na nani. Anayeikosa akiwa na umri wa miaka 7, hatuoni ataipata wapi akiwa na miaka 17.

Ni vyema kukumbusha kuwa somo hili lina historia hapa hapa pwani yetu. Mwezi wa Agosti 1968 walikutana Mombasa wataalamu wa elimu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, nyingi zikiwa zimetoka kujipatia uhuru miaka michache tu nyuma, wakazungumzia namna ya kumfundisha mtoto wa Kiafrika habari za jamii yake. Historia na jiografia walizozirithi ziliandikwa kwa jicho la mtawala, na mwanafunzi aliweza kuujua mto Thames kabla ya kuujua Rufiji. Kutokana na mkutano ule kukaundwa chombo cha pamoja cha nchi hizo chenye makao yake Nairobi. Mwaka mmoja kabla yake, 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule inayomtoa mtoto katika jamii yake na kumfanya aione kuwa haina la kumfunza. Wazo la wakati ule lilikuwa moja: mtoto aanzie alipo, kisha atoke nje hatua kwa hatua.

Hali ya leo ikoje? Kwa upande wa Tanzania Bara, mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, kiasi cha asilimia 80 ya muda wa masomo kikatengwa kwa ajili ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile zinazoitwa KKK. Sisi hatuipingi hatua ile hata kidogo. Ilikuwa aibu ya taifa kuwaona watoto wakifika madarasa ya juu hawawezi kusoma sentensi moja ya Kiswahili, na asiyeweza kusoma hatafundishika historia wala fikihi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeendelea kuzifanya KKK kuwa nguzo ya madarasa hayo mawili, na historia na jiografia kwa majina yake husubiri darasa la tatu. Wenzetu wa Kenya, katika mtaala wao ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, wamemwekea mtoto wa darasa la kwanza Shughuli za Mazingira, ambamo hujifunza nyumba yao, shule na majirani, na Maarifa ya Jamii yenyewe wameyaweka darasa la nne. Kwa vyovyote vile, muda ni mchache. Na hata ule uliopo, mwalimu wa shule ya umma, ambaye tangu michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016 si ajabu kumkuta na watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja, hawezi kuwatoa nje na kuwazungusha mtaani. Atawavushaje barabara yeye peke yake?

Basi hapa pana pengo la miaka miwili, na ni miaka ile ambayo mtoto huuliza maswali kuliko wakati wowote wa maisha yake. Pengo halikai tupu. Limejazwa na televisheni, limejazwa na simu ya mama anayopewa mtoto ili anyamaze, na limejazwa na maneno ya vijiweni. Na hao wote hufundisha maarifa ya jamii. Tofauti ni kuwa jamii wanayoifundisha si hii anayoishi mtoto.

Rai yetu ni kwamba kazi hii irudi kwa wenyewe, nao ni watu wa mtaa, na kwetu sisi mlango ulio wazi ni madrasa. Mtoto wa darasa la kwanza hutoka shule mchana, na alasiri yuko madrasa pamoja na watoto wa mtaa wake mwenyewe, wanaopita njia zile zile, mbele ya mwalimu anayewafahamu wazazi wao. Hapana shule iliyo karibu na jamii kuliko hiyo.

Tunajua litakalosemwa: madrasa ni ya Qur'ani, na kila kitakachoongezwa kitapunguza Qur'ani. Hofu hii tunaiheshimu, lakini si mpya, na wanazuoni waliijadili zamani. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake jinsi miji ya Waislamu ilivyotofautiana katika kuwasomesha watoto. Watu wa Maghrib waliwafundisha Qur'ani pekee; watu wa Andalusi walichanganya Qur'ani na mashairi, hati na lugha ya Kiarabu. Akataja pia rai ya Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyetaka lugha na hesabu zitangulizwe, akaisifu kisha akasema kuwa desturi za watu hazikubaliani nayo. Wote hawa walikuwa Waislamu wema, na hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini kwa sababu ya ratiba. Naye Imamu Ghazali amehimiza katika Ihyaa kuwa mtoto atokapo chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri, kwa kuwa kumbana kwa masomo bila ya mapumziko huua moyo wake. Sisi tunaomba nusu saa kwa juma. Alkhamisi, pale madrasa nyingi zinapokaribia mapumziko ya Ijumaa na watoto wamekwisha choka, wakati huo upo, na aghalabu hupotea katika makelele.

Mwanzo wa somo uwe nyumbani, yaani katika majina ya jamaa. Siku hizi mtoto wa mjini ana "anti" na "anko" tu. Dada wa baba ni anti, dada wa mama ni anti, mpangaji wa chumba cha uani ni anti, na mwalimu wa chekechea ni anti. Kiswahili hakikuwa fukara hivyo. Kina shangazi na kina mama mkubwa na mama mdogo. Kina mjomba na kina ami, au baba mkubwa na baba mdogo. Kiarabu nacho hupambanua vile vile baina ya 'amm na khaal, baina ya 'amma na khaala. Wazee wetu hawakuyatenga majina haya kwa ajili ya mapambo. Ami hurithi kwa uasaba katika hali ambazo mjomba hana fungu, na anayewachanganya leo kwa neno moja, kesho atakaa katika kikao cha mirathi asijue ni nani anayezungumziwa. Mwalimu awape watoto vifuu au kokwa za maembe, wazipange chini: hii bibi, huyu babu, hawa watoto wao, huyu mimi. Mtoto ataujenga ukoo wake mchangani kwa mkono wake, na kila kokwa ataitaja kwa jina. Kabla ya kutoka hapo, awe amelijua jina la baba na babu, na jina la mama yake mwenyewe, si lile la kuitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

Lakini mwalimu ajihadhari. Picha ya familia katika vitabu vingi ni baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, wameketi mezani. Katika darasa la watoto 30 wa mitaa yetu, wangapi wanakaa hivyo? Mmoja analelewa na bibi, mwingine mama yake yuko Muscat katika kazi za ndani na sauti yake huisikia katika simu, wa tatu wazazi wameachana, wa nne ni yatima. Watoto hawa mwalimu akiwaambia "chora baba na mama," hunyamaza, au huchora watu wasiowajua. Somo lililokusudiwa kumweka mtoto katika jamii yake linamtoa nje siku ya kwanza.

Na hili halina udhuru kwa mwalimu wa madrasa, kwani anayo sira mkononi. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha fariki. Alinyonyeshwa na kulelewa jangwani na Halima wa Banu Saad. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 6, umri huu huu wa watoto tunaowazungumzia. Akalelewa na babu yake hadi alipotimiza miaka 8, babu naye akafariki, akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali chache. Mama mzazi, mama wa kunyonya, babu, ami: hiyo yote ilikuwa familia. Mtoto anayelelewa na bibi akisimuliwa kisa hiki katika somo la familia, atainua kichwa. Basi swali lisiwe "baba yako ni nani na mama yako ni nani" tu. Liwe pia "nani hukupikia, nani hukuamsha alfajiri, nani hukaa nawe ukiugua," na kila jibu lipokelewe bila ya mwalimu kukunja uso.

Tukija katika historia, mtoto wa miaka 7 hana karne. Mwambie kuwa Wajerumani waliitawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ataitikia "naam," lakini katika akili yake Wajerumani na Nabii Nuhu ni watu wa juzi moja. Anachokijua ni leo na jana. Apandishwe hapo: juzi, na upande wa mbele kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, maneno ambayo hata watu wazima sasa wanayaacha. Kisha aletwe mzee. Mzee aliyeukuta msikiti ukiwa wa makuti aketi mbele ya watoto dakika 15 na kuwaonyesha mahali palipokuwa na kisima, aliyechimba kisima hicho, na mahali soko lilipokuwa kabla ya kuhamishwa. Watoto wamuulize wao wenyewe, maana swali la mtoto huwa halina adabu ya uongo. Atamuuliza mzee kama alipigwa alipokuwa mdogo, na mzee atacheka, na historia itakuwa imeanza.

Na jiografia ianze na qibla. Ni neema kwa watu wa pwani hii ambayo hatuitumii ipasavyo: Makka na miji yetu ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam iko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo anayeelekea qibla hapa ameelekea kaskazini hasa. Msimamishe mtoto katika safu yake, mwambie: uso wako kaskazini, mgongo wako kusini, mkono wako wa kulia ndipo linapochomoza jua, wa kushoto ndipo linapozama. Hatasahau maisha. Kisha mwambie kuwa mwenzake aliyeko Kigoma huelekea kaskazini akiinamia mashariki kidogo, naye ataanza kujiuliza kwa nini, na swali hilo ndilo mlango wa ramani. Pepo za kaskazi na kusi atazielewa kwa majina yake tu.

Ramani yenyewe aichore mchangani: hapa nyumbani, hapa duka, hapa barabara, hapa madrasa. Wiki ifuatayo waende kuikagua kwa miguu. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, njia nyingi zimewekewa nguzo za majina na nyumba zimebandikwa namba. Watu wazima wengi hawaijui namba ya nyumba zao, lakini mtoto aliyeanza kusoma hufurahi kusoma chochote kilichoandikwa ukutani. Aisome namba ya kwao, na ajifunze namba ya simu ya mlezi wake kwa ule ule uwezo wa kuhifadhi tuliouzoea. Mtoto aliyehifadhi Suratul-Mulk hashindwi na tarakimu 10.

Katika kupita mtaani huko watafika nyumba za majirani, na hapa tuseme jambo ambalo pengine halitawapendeza wote. Katika mitaa yetu nyumba ya Muislamu imeshikana ukuta na nyumba ya Mkristo, wanachangia bomba na wanachangia moshi. Mtoto anapopita na mwalimu wake, je, mlango ule urukwe? Sisi tunasema usirukwe. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza na kukariri kuuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa, kwa sababu ya wasia alioupokea kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani. Mtoto wa miaka 7 hawezi kupambanua baina ya kuikataa itikadi na kumchukia mtu; akisikia la kwanza bila ya kufundishwa haki ya jirani, ataelewa la pili. Wapo wanaofungua vinywa mbele ya watoto wakidhani kuwa wanawajenga kiimani, ilhali mtoto anachokipata ni kumwogopa mama wa nyumba ya pili, ambaye pengine ndiye angemrudisha nyumbani siku akipotea. Kuihifadhi akida yake ni wajibu, na ina vipindi vyake vitano kwa juma.

Pamoja na hayo tusimfundishe kuwa kila anayejulikana ni mwema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikia miaka 18, na miongoni mwa waliotajwa kuwa wahusika walikuwemo majirani. Kwa hiyo somo la "watu wanaotusaidia" lisiishie kwa daktari na polisi wa kwenye picha. Kila mtoto awataje watu wazima watatu wa kwao anaoweza kuwaambia neno lolote, hata neno ambalo mtu mzima mwingine amemkataza kulisema. Asiyeweza kuwataja watatu, mwalimu amjue, na amfuatilie kimya kimya.

Kwamba madrasa yaweza kubeba mambo haya si ndoto. Mapema katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walilalamika kuwa watoto wao hawapati nafasi katika shule nzuri za msingi, na kutokana na hilo, mwaka 1986, kwa ufadhili wa Aga Khan Foundation, kukaanza Mombasa mpango wa chekechea ndani ya madrasa. Aliyeuongoza ni mwalimu wa huko huko, Bi Swafiya Said. Wapo waliouangalia kwa shaka, na shaka hizo hatuna haja ya kuzifukua. Tunachokitaka ni mafunzo yake: vifaa vilikuwa makombe, mbegu na mabaki ya mbao, mafundisho ya dini na ya dunia yalikaa chumba kimoja, na walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliopewa mafunzo. Kufikia miaka ya 1990 mpango huo ulikuwa umefika Zanzibar na Uganda.

Kamati za misikiti zitatuuliza kuhusu gharama. Vitabu havihitajiki, na mtihani usiwekwe kabisa. Atakayewaletea watoto hawa karatasi ya maswali amelirudisha somo kule kule kwenye kukariri. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe kabla ya watoto kutoka, na wazazi watoe idhini. Zaidi ya hapo panahitajika watu wazima wawili kwa kila kundi, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa sababu ya bodaboda. Hawa wawili ndio wagumu kupatikana, kwani saa kumi alasiri wanaume wengi wako katika shughuli zao. Kina mama wapo, na ndio wanaomjua kila mtoto ni wa nyumba ipi. Tatizo ni kwamba zipo kamati ambazo tangu kuundwa kwake hazijamwita mama hata mmoja katika kikao cha madrasa. Waitwe, na waitwe kabla ya ratiba kupangwa.